Maswali ya wasomaji: Kihispania cha mtaani na matusi yake, nchi kwa nchi

Tangu nilipoligusia neno joder, tusi la Kihispania, katika toleo lililopita, barua zimemiminika, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: lipi ni tusi, lipi si tusi, na kwa nani. Maneno ya Kihispania nitayaandika kama yalivyo. Maana zake nitazisitiri kadiri Kiswahili kinavyoruhusu, kwa kuwa jarida hili husomwa sebuleni na watoto wapo.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dereva na mwongoza watalii hapa Arusha. Kihispania nilikiokota kwa wageni wa Madrid na Barcelona. Msimu uliopita nilipewa kundi la Wameksiko na Waajentina. Kila nikisema "vamos a coger el coche" wanatazamana na kuziba midomo. Kuna kosa gani?*
*Mwongoza watalii, Arusha*

Marahaba mwanangu. Sarufi yako haina kasoro. Umesema "twendeni tukapande gari", na Madrid hakuna ambaye angegeuza shingo. Kule coger ni kitenzi cha asubuhi hadi usiku: unapanda basi, unapokea simu, unachukua mwavuli, unashikwa na mafua, kote humo ni coger. Ukivuka bahari kwenda Mexico, Argentina, Uruguay na sehemu kubwa ya Amerika ya Kati, kitenzi hichohicho ni kufanya mapenzi, tena kwa lugha ya kihuni. Mtu wa Kolombia asingeshtuka, kwao bado ni neno la kawaida. Ndiyo maana huwa nawakataza wanafunzi wangu kuuliza "Amerika Kusini wanasemaje". Taja nchi, ndipo tuzungumze.

Wewe tumia "vamos a subir al carro" kwa Wameksiko na "al auto" kwa Waajentina. Kushika kitu ni agarrar, kupanda basi ni tomar. Neno coche lenyewe litakusumbua siku ukimpata mgeni wa Guatemala, kwa sababu kwao coche ni nguruwe.

Kazi yako ina mitego ambayo mwalimu wa darasani hawezi kuijua, na mimi niliyefanya kazi hiyo kabla ya kwenda Ulaya naomba nikupe yote kwa mkupuo. Wahispania huita bicho kila mdudu, na wakichangamka hata mnyama mkubwa. Kwa mtu wa Puerto Rico, bicho ni uume, basi. Ukimwonyesha kitu kwenye nyasi, sema insecto au animal. Ndege, umefundishwa pájaro. Ni sahihi, ila Cuba na Jamhuri ya Dominika neno hilo pia ni kejeli kwa mwanamume shoga, kwa hiyo ukiwa na kundi la huko sema ave, ambalo ni salama kila mahali na lina heshima ya kitaalamu. Yule kukuziwa mweusi mwenye paji jekundu, vitabu vya Hispania humwita polla de agua. Vitabu vina haki yao, lakini polla peke yake huko Hispania ni uume, na ukilitamka kwa sauti garini vijana hawatamwona tena ndege. Sema gallineta. Ajabu ni kwamba Chile, kwa miaka mingi, bahati nasibu ya taifa iliitwa Polla na wazee wakanunua tiketi zake bila wasiwasi wowote.

Wachile wana lao. Wenzako wa Kilimanjaro wote husema "pico Uhuru", maana pico ni kilele cha mlima na pia ni mdomo wa ndege. Chile pico ni uume. Mpagazi akiwaambia Wachile waliochoka saa kumi alfajiri kwamba pico iko karibu, watacheka hadi hewa iwaishie, na kule juu hewa yenyewe ni haba. Cumbre au cima inatosha.

Ukiwapeleka Zanzibar baada ya porini, angalia makombe ya baharini. Hispania concha ni kombe, na mji wa San Sebastián una ufukwe maarufu unaoitwa La Concha. Wako hata akina mama wanaoitwa Concha, kifupi cha Concepción. Mexico concha ni mkate mtamu wa asubuhi. Argentina, Uruguay na Chile ni sehemu za siri za mwanamke, na ndilo kiini cha tusi lao zito kabisa la kumtukania mtu mama. Waambie vijana wa ufukweni waseme caracoles.

Na yale yanayotoka kwetu. Ukimwita mwenzako "Kaka!" mbele ya wageni, wamesikia caca, neno la watoto la kinyesi. Pipi unazowagawia watoto wao zinasikika kama mkojo. Waeleze siku ya kwanza kwamba kaka ni hermano, watafurahi na watalitumia wao wenyewe hadi uwanja wa ndege. Usishangae pia wakipiga picha kila Pajero inayopita mjini. Pajero ni mtu anayejichua, na kwa sababu hiyo Mitsubishi waliiuza gari hiyo kwa jina la Montero katika nchi za Kihispania. Jina la kwanza halikuwa na nia mbaya, lilitokana na jina la kisayansi la paka-mwitu wa kule Amerika Kusini.

*Habari za siku Mwalimu. Niko Madrid, namhudumia bibi wa miaka themanini na kitu. Mwanawe akija, kila neno la tatu ni coño, joder, hostia. Je, ananitukana? Nikitoka na binti yangu mdogo, wanawake kwenye basi wanainama na kumwambia "¡qué mona!" Mono si nyani? Na bibi mwenyewe kuna siku ananiita hija, kuna siku morena. Naumia na sijui kama nina haki ya kuumia.*
*Mama wa binti mmoja, Madrid*

Nzuri, mdogo wangu, na pole. Barua yako nimeisoma taratibu kwa sababu nayajua mabasi hayo na nyumba hizo.

Tuanze na mwanawe. Coño ni tusi la nguoni ukilichambua, lakini Hispania limechakaa. Likisimama peke yake mwanzoni mwa sentensi ni mguno: ameshangaa, funguo zimemdondoka, kahawa imemwagika. Wachile wamelisikia sana kwa Wahispania hadi wakawapa hilo liwe jina lao la utani. Joder ni vilevile. Hostia ni ileile hostia ya komunyo, na utashangaa ni matusi mangapi ya Hispania yanatoka altareni. Wanaochunga ulimi huyageuza kidogo: badala ya hostia wanasema ostras, chaza wa baharini, badala ya joder wanasema jolín, badala ya mierda, yaani mavi, wanasema miércoles, Jumatano. Msikilize bibi yako, nadhani yeye yuko kundi hili. Ukitaka nawe kuguna, guna kama bibi.

Kipimo changu ni hiki. Neno likiwa hewani, liache lipite. Likifungwa kwako kwa eres, yaani "wewe ni", limekuwa tusi: eres gilipollas, eres imbécil, yote "wewe ni mpumbavu". Hapo una haki ya kusimama na kusema, bila kupandisha sauti, "A mí no me hable así", yaani usizungumze nami hivyo. Mtindo huo, hable badala ya hables, uutunze. Ni ule wa usted, wa heshima, na ndio unaomrudisha mtu mahali pake.

Sasa binti yako. Mono ni nyani, kweli. Hispania mono na mona pia ni "mzuri, anapendeza", na huambiwa kila mtoto mchanga, wa rangi yoyote, pamoja na paka na viatu vipya. Mwanamke anayeinama akitabasamu na kusema "¡ay, qué mona!" anamsifu mtoto wako. Neno hilohilo lilipopigiwa kelele katika uwanja wa Valencia mwezi Mei 2023, likielekezwa kwa Vinícius Júnior, mchezaji mweusi wa Brazil, lilikuwa ubaguzi usio na tafsiri nyingine, na mwezi Juni 2024 mahakama iliwahukumu mashabiki watatu kifungo cha miezi minane. Kwa hiyo masikio yako hayakudanganyi unaposhtuka. Tazama uso, sikiliza kama kuna qué mbele yake, sikiliza kama ni umbo la kike, mona, kwa binti au ni mono kwa ukali. Na mtoto akikua kidogo mweleze mwenyewe, kabla hajaelezwa na mtu mwingine shuleni.

Morena. Hispania wengi hulitumia wakidhani wanakuheshimu, kwamba negra, yaani mweusi, ni kali mno. Morena huambiwa pia Mhispania mwenye nywele nyeusi. Ng'ambo ya bahari mambo hugeuka tena: Uruguay, Argentina, Kolombia na Cuba, negra na negrita mara nyingi ni mpenzi, rafiki, mke, hata asiye mweusi. Mwimbaji mkubwa wa Argentina, Mercedes Sosa, nchi nzima ilimwita La Negra kwa mapenzi. Ukisikia negrata huko Hispania, usitafute maana. Ni tusi la rangi.

Kuna kesi mbili za wachezaji wa Uruguay ninazozitaja kila mara, kwa sababu wengi huziweka kapu moja. Oktoba 2011 Luis Suárez wa Liverpool alimwita Patrice Evra negro wakiwa katikati ya ugomvi uwanjani. Alifungiwa mechi 8 na kutozwa pauni 40,000. Novemba 2020 Edinson Cavani, baada ya kufunga mabao mawili dhidi ya Southampton, alimjibu rafiki yake aliyempongeza mtandaoni: "Gracias negrito." Alifungiwa mechi 3 na kutozwa pauni 100,000, na akademia ya lugha ya Uruguay ikajitokeza hadharani kumtetea. Mimi nasimama na akademia kwa Cavani na nasimama na Evra kwa Suárez. Neno ni moja. Cavani alikuwa anazungumza na rafiki yake aliyelizoea, Suárez alikuwa anagombana na mtu ambaye halikuwa lake.

Haki ya kuumia unayo. Mwambie bibi, siku ambayo mmekaa vizuri, "Prefiero que me llame por mi nombre", yaani napendelea uniite kwa jina langu. Hija liache, hilo anakwita mwanangu.

*Mwalimu mambo vipi! Niko Mombasa, najifunza Kihispania kwa video za mpira wa Argentina. Nataka kuongea kama wao: boludo, pelotudo, che. Nikipata rafiki wa Argentina nianze na lipi?*
*Shabiki, Mombasa*

Poa, mwanangu. Anza na che, halina madhara, ni "ebu" au "wewe bwana" ya kumwita mtu. Mwanamapinduzi Ernesto Guevara alibandikwa jina hilo kwa sababu hakuweza kuliacha mdomoni. Huenda hukusikia kwamba mwaka 1965, alipovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kupigana Kongo, wapiganaji wake walipewa majina ya nambari za Kiswahili, na yeye akawa Tatu.

Boludo subiri kwanza. Kwa asili ni mtu mwenye korodani kubwa, na maana yake ni mpumbavu. Marafiki wa Buenos Aires huambiana boludo kila sentensi bila ubaya wowote. Pelotudo ni jamaa yake wa karibu, lakini huwa zito zaidi. Huo ni utani, nao una wenyewe kama utani wetu. Mpare anaweza kumwambia Mchaga maneno msibani na wote wakacheka, ila ukiyasema wewe usiye mtani wao utatolewa nje. Hujawa mtani wa Waajentina kwa kutazama video. Siku rafiki yako atakapokuita boludo huku amekuwekea mkono begani, mlango umefunguliwa, mrudishie. Kabla ya hapo, hapana. Na usimwambie baba yake kamwe.

Umesikiliza Messi, bila shaka. Usiku wa tarehe 9 Desemba 2022, baada ya kuwatoa Uholanzi kwa penalti huko Qatar, alikatiza mahojiano akamwambia Wout Weghorst, "¿Qué mirás, bobo?", yaani unatazama nini, mjinga? Maneno hayo yakachapishwa kwenye fulana na vikombe. Angalia mambo mawili. Bobo ni laini, ni "mjinga" wa watoto wa shule. Alikuwa amekasirika na bado alichagua neno la kuonyeshwa kwenye televisheni. Na amesema mirás kwa mkazo mwishoni. Madrid wangesema miras, mkazo mwanzoni. Waajentina hutumia vos badala ya tú na vitenzi hubadilika: vos sos, vos tenés, vos querés. Jifunze hilo kabla ya matusi yote. Mtu anayesema boludo kwa vitenzi vya Madrid anasikika kama amevaa jezi mbili.

Usichukue pia tusi la Argentina ukampelekea mtu wa nchi nyingine ukidhani litabaki vilevile. Pendejo Argentina ni mtoto au kijana asiyekomaa. Mexico ni mpumbavu, na ni tusi la kupigania. Peru ni mjanja mjanja, mtu wa kumchunga. Huevón Mexico ni mvivu. Chile, ambako hulitamka weón, ni rafiki, jamaa, mpuuzi au adui, kutegemea sauti tu.

Na quilombo, ambalo utalisikia kila siku likimaanisha vurugu na fujo, usilione geni. Limetoka Kimbundu cha Angola, kwa midomo ya Wabantu waliovushwa bahari wakiwa watumwa. Mimi nikilisikia huwa nasimama.

*Hujambo Mwalimu. Mimi ni muuguzi. Madaktari wa Cuba walipokuja Kenya walikuwa wakisalimiana "¿qué bolá, asere?" Ni matusi?*
*Muuguzi, Kisii*

Sijambo dada. Si matusi, ni "vipi, rafiki?" Zamani wazazi wa Havana waliliona asere kuwa neno la wahuni, ila sasa limeenea. Barack Obama alipotua Havana Machi 2016 aliandika mtandaoni "¿Que bolá Cuba?" na Wacuba wakafurahi sana. Ukimpata mmoja wao tena na ukataka kumkaribisha papai, mwambie fruta bomba. Papaya kwao, hasa Havana, ni sehemu za siri za mwanamke. Papai lenyewe wanalipenda.

*Mwalimu, tuko Houston. Mwanetu wa miaka kumi na mmoja anacheza na watoto wa Kimeksiko. Sasa kila akikataa kitu anasema "no mames, güey". Nimekaa kimya kwa sababu sijui amesema nini.*
*Baba wa watoto watatu*

Usikae kimya, ndugu yangu, wala usimpige. Güey, linalotamkwa "wey", asili yake ni buey, maksai. Miongoni mwa watoto ni "mshkaji" tu. No mames ni "acha mchezo", lakini kitenzi kilichomo ni mamar, kunyonya, na mama wa rafiki yake akilisikia mezani atakunja uso. Wameksiko wenyewe wana njia ya kulisafisha: no manches, usitie doa. Mfundishe hilo. Atabaki na marafiki zake na hataitwa mkosa adabu. Mwambie pia kwamba güey haliambiwi mtu mzima, hata mara moja. Akiniamini, mpe na chido na padre, yote "safi sana", aendelee kuyatumia mbele ya yeyote.

*Mwalimu, mimi ni mtu mzima, nimestaafu ualimu. Sioni faida ya kufundisha matusi. Vijana wetu wana matusi ya kutosha ya hapa nyumbani.*
*Msomaji, Tanga*

Shikamoo mzee wangu. Nimekusikia, na najua umesema kwa uchungu wa kulea.

Naomba uniangalie kwa upande wa yule mama wa Madrid. Wasichana wetu wanaingia katika nyumba za watu kwa Kihispania cha kitabuni, na mtu anaweza kuwatukana mchana kutwa huku anatabasamu, wao wakijibu "sí, señora". Nimewaona. Jikoni nilikofanya kazi, huko Madrid, mpishi mmoja alimbandika kijana wa kwetu jina chafu na kijana akaliitikia kwa wiki nzima akidhani ni kifupi cha jina lake. Aliyemweleza ukweli ni muosha vyombo wa Ecuador, kwa kunong'ona, nyuma ya friji. Ningependa kijana kama huyo ajue kabla ya kupanda ndege. Kujua si kusema.

Na wapo wenye lugha yao wanaoona kwamba hata kusema kuna mahali pake. Mwaka 2004, katika kongamano la kimataifa la lugha ya Kihispania mjini Rosario, mchoraji na mwandishi Roberto Fontanarrosa alisimama mbele ya wanaakademia akayaombea msamaha matusi. Aliuliza ni nani aliyeamua kwamba ni maneno mabaya, akaeleza kwamba mengine hayana mbadala kwa sababu nguvu yake imo katika sauti yenyewe, kama ile herufi r ndani ya mierda. Ukumbi ulicheka sana, lakini hoja yake ilikuwa ya kweli. Mimi sifiki alikofika yeye, mzee wangu. Nabaki katikati: sikio lijue yote, ulimi uchague machache.

*Mwalimu, nitajuaje peke yangu kama neno ni tusi, bila wewe?*
*Mwanafunzi, Dodoma*

Fungua kamusi ya Real Academia Española, ipo bure mtandaoni. Kabla ya maana utaona vifupisho. Coloq. ni lugha ya mazungumzo, tumia na rafiki. Vulg. ni la kihuni. Malson., yaani malsonante, ni lile ambalo halisemwi mbele za watu. Despect. ni la dharau. Halafu vipo vifupisho vya nchi: Arg., Méx., Col., Ven. na vinginevyo. Tafuta coger, teremka hadi maana za mwisho, utaziona nchi zimepangwa mstari mmoja kabla ya maana ile.

Maneno ya vijana wa mwaka huu kamusi haitakuwa nayo. Hayo uliza mtu, na hapo ujue hata jina la kitu unachokiuliza hubadilika. Hispania tusi ni taco, kwa hiyo "decir tacos" ni kutukana, ingawa Mmeksiko atadhani unaongelea chakula, na sisi Waswahili tutaangaliana kwa sababu zetu. Mexico uliza kama ni grosería. Argentina, mala palabra. Chile, garabato. Peru, lisura. Muulize mtu wa rika lako, faraghani, na umuulize swali la pili ambalo wengi hulisahau: "¿Se lo dirías a tu madre?" Ungemwambia mama yako?